Sura ya Nne: Damu, Mkojo na Nyayo

Shaba ya Kilembe, iliyochimbwa katika bonde la mto Nyamwamba ambalo leo limo katika tarafa ya Bulembia ya manispaa ya Kasese, ndiyo iliyoivuta reli kutoka Kampala hata miguuni mwa milima ya Rwenzori mwaka 1956. Na wachimbaji walioifuata kutoka pande nyingi za Uganda na kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, wakapatana kwa Kiswahili huko chini ya ardhi, waliiona ikipakiwa kwenda Jinja kuyeyushwa na kisha kuteremshwa pwani, wasijue, wala hawakuwa na sababu ya kujua, kwamba madini yayo hayo yalikuwa na kazi ya namna nyingine juu ya meza za maabara za hospitali, ambako kwa miaka mingi maradhi ya sukari yalitambuliwa kwa shaba.

Kanuni ya kazi hiyo aliitoa Mmarekani Stanley Benedict mwanzoni mwa karne ya 20. Mrututu, yaani ile chumvi ya shaba yenye rangi ya samawati ambayo wazee wetu waliijua kuwa dawa ya vidonda, huchanganywa na magadi pamoja na chumvi itokanayo na asidi ya ndimu, kisha matone machache ya mkojo hutiwa katika maji hayo na kuchemshwa kwa dakika chache. Mkojo usio na sukari huyaacha maji na usamawati wake. Wenye sukari kidogo huyageuza kijani. Ikizidi yatakuwa manjano, kisha rangi ya chungwa, na mwisho shaba hutuama chini ya chupa mfano wa vumbi la tofali. Muuguzi aliweza kuusoma ukali wa maradhi kwa macho matupu, pasipo hesabu, na mgonjwa naye, ajapokuwa hakupata kukanyaga shule, aliyaona mwenyewe yale aliyokuwa akiambiwa. Sidhani kwamba tangu zama hizo tumepata kipimo kilichosema na mgonjwa kwa uwazi wa kiasi hicho.

Utamu wa mkojo, bila shaka, ulijulikana kabla ya Benedict na kabla ya kemia yenyewe. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliwaona sisimizi wakiukusanyikia; Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, anatajwa na wanahistoria wa tiba kuwa aliunganisha utamu huo na njaa isiyoshiba na kuoza kwa viungo; na mwaka 1776 tabibu Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha mkojo wa mgonjwa hata maji yakakauka, akabakiwa na unga mweupe ambao kwa harufu na kwa ladha haukutofautiana na sukari, kisha akagundua kwamba na majimaji ya damu yake yalikuwa matamu. Kutokana na ugunduzi huo wa pili ilikuwa dhahiri kwamba sukari haizaliwi ndani ya figo, bali figo huimwaga tu inapozidi. Na hapo ndipo ilipo kasoro ya kila kipimo cha mkojo, kiwe cha mrututu ama cha kijikaratasi. Figo iliyo nzima huirudisha sukari yote katika damu mpaka kiasi chake kipite milimoli 10 hivi kwa lita, na mtu anaweza kuishi miaka mingi akiwa na milimoli 8 au 9, macho yake na mishipa yake ikiharibika kidogo kidogo, ilhali mkojo wake unayaacha maji ya Benedict na rangi ya bahari.

Ni sadfa ya kupendeza kwamba katika mwaka uo huo wa 1956, reli ilipofika Kasese kwa ajili ya shaba, shaba ilianza kupoteza kazi yake ya maabara, kwa kuwa Alfred na Helen Free, mume na mke waliokuwa wataalamu wa kemia huko Indiana, Marekani, walitoa kijikaratasi kilichotiwa vimeng'enya, ambacho huchovywa tu katika mkojo kikabadilika rangi, pasipo moto wala chupa. Vimeng'enya vya jamii hiyo ndivyo vilivyohamia baadaye katika vijiti vya kupimia damu, hizo stripu tunazozijua leo.

Katika siku hizo matabibu wengi waliamini kwamba Mwafrika haugui sukari, ama kwamba akiugua ni kwa nadra. Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929 hata 1958, na aliyetoa mwaka 1960 kitabu kizima juu ya maradhi yasiyoambukizwa barani Afrika, alikuwa miongoni mwa walioyaona maradhi haya yakitoka katika uchache wake wa zamani na kuanza kuzoeleka wodini. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Uganda mwaka 2014 kwa watu wenye umri wa miaka 18 hata 69 ulikuta kwamba 1.4 katika kila mia walikuwa nayo, hesabu ambayo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya nchi nyingi. Lakini karibu nusu ya waliokutwa na sukari ya juu hawakuwa na habari. Ndiyo maana nauona mjadala juu ya vipimo kuwa na uzito zaidi kuliko mjadala juu ya dawa: nusu ya wagonjwa hawajafika hata kwenye mlango ambako dawa hutolewa.

Tuje sasa kwenye damu. Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba mtu ana maradhi haya ikiwa sukari ya damu yake, baada ya kufunga kwa muda usiopungua saa 8, imefika milimoli 7.0 kwa lita, au ikiwa imefika 11.1 saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji. Na mwenye dalili dhahiri, za kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda, huhukumiwa kwa kipimo cha saa yoyote kikifika hiyo 11.1. Kiwango cha 7.0 kiliwekwa katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, kabla ya hapo kikiwa 7.8, nacho hakikutoka hewani: wataalamu waliwapanga watu kwa viwango vyao vya sukari, miongoni mwao Wahindi Wekundu wa kabila la Pima huko Arizona na watu wa Misri, wakaangalia ni katika daraja ipi madhara ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, huanza kuonekana kwa wingi. Mpaka unaotenganisha mzima na mgonjwa, kwa hiyo, ulichorwa kwa kuangalia macho, jambo ambalo lingefaa kukumbukwa na kila kliniki inayopima damu kwa bidii na kuyaacha macho bila kuyatazama.

Lakini neno la kufunga, jepesi kulitamka, lina mashaka yake katika nchi ya vilima. Mtu anayeishi katika miteremko iliyo juu ya Kilembe, akishuka alfajiri kwa miguu ili awahi foleni ya asubuhi, aghalabu amekunywa kikombe cha chai yenye sukari kabla ya kutoka, na akiulizwa kama amekula hujibu kwa moyo safi kwamba hajala, kwani chai si chakula, na chakula ni obundu au matoke. Afadhali aulizwe kilichopita kinywani mwake tangu jana usiku. Na zaidi ya hayo, homa kali ya malaria na uchungu wa jeraha huipandisha sukari hata kwa asiye mgonjwa wa sukari, ilhali dawa ya kwinini huweza kuishusha mno. Ndiyo maana mtu asiye na dalili za kisukari hahukumiwi kwa kipimo kimoja, bali hurudiwa siku nyingine akiwa na afya yake ya kawaida.

Mashine ndogo ya mkononi, inayotoa jibu kwa sekunde chache, imefanya neema kubwa ambayo haistahili kudharauliwa, maadamu tunazijua tabia zake. Stripu zake haziwezi joto wala unyevu, na chupa iliyoachwa wazi dirishani katika uwanda wa Kasese, ambako jua huanguka bila huruma, itatoa majibu ya uongo muda mrefu kabla ya tarehe iliyochapwa juu yake. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, na malaria na minyoo huwapunguzia wengi damu katika nchi hizi, katika mashine nyingi huonekana ana sukari zaidi ya aliyo nayo. Kidole kilichomenya embe au kukata nanasi hubaki na sukari ya tunda juu ya ngozi, na kukipangusa kwa pamba yenye spiriti hakutoshi. Hapana budi kukiosha kwa maji na sabuni na kukikausha. Bwera, ambako mwaka 2019 Ebola ilivuka mpaka na kufika hospitalini, hakuna mtu anayehitaji kufundishwa namna ya kunawa mikono, na desturi iliyozaliwa kwa hofu ya maradhi mengine yafaa itumike hapa kwa ajili ya hesabu iliyo sahihi.

Na damu ya mshipa, inayodhaniwa kuwa na heshima zaidi kwa sababu hupelekwa maabara kubwa, ina udhaifu wake nayo, kwa kuwa chembe zake hazifi mara zinapotoka mwilini, bali huendelea kuila sukari ndani ya chupa, ikipungua kwa sehemu 5 hata 7 katika mia kwa kila saa inayopita katika joto la kawaida. Chupa yenye floraidi huuzuia ulaji huo, ingawa si papo hapo. Damu iliyotolewa asubuhi katika kituo cha mlimani, ikasubiri pikipiki, kisha ikasubiri fundi, huweza kumtangaza mgonjwa kuwa mzima.

Hapa pana jambo ambalo nimeona likipuuzwa, labda kwa sababu linaonekana dogo mno, nalo ni la watu wa mpaka. Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo zimetenganishwa na mto Lhubiriha tu, na siku za soko watu huvuka kwenda na kurudi wakinunua na kuuza, wakitibiwa upande huu leo na upande ule mwezi ujao; lakini Uganda, iliyorithi desturi za Kiingereza, kwa kawaida huandika sukari ya damu kwa milimoli katika lita, na Kongo, iliyorithi za Wabelgiji, huiandika kwa miligramu katika desilita au kwa gramu katika lita. Mama aliyeandikiwa 180 huko Kasindi, akaja kuandikiwa 10 katika hospitali ya Bwera, ana haki ya kushukuru kwamba dawa za huku zina nguvu, kumbe hesabu hizo mbili ni kitu kimoja, kwani milimoli moja kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita; na baba aliyezoea kusikia 7, akisomewa 126 ng'ambo, huweza kurudi nyumbani akiusia watoto. Kijitabu cha mgonjwa chenye safu mbili, ya milimoli na ya miligramu, hakigharimu zaidi ya mstari mmoja wa wino.

Sasa nafikia kipimo ambacho ulimwengu umekipa cheo juu ya vingine vyote, kile wagonjwa wanachokiita sukari ya miezi mitatu, na maabara hukiita A1c. Asili yake ni Tehran, ambako mwaka 1968 tabibu Samuel Rahbar, mzaliwa wa Hamadan, mji uo huo lilimo kaburi la Ibn Sina, alipokuwa akichunguza hemoglobini za wagonjwa mbalimbali aliona katika damu ya wenye kisukari hemoglobini moja iliyosogea kwa namna isiyo ya kawaida. Ilikuja kuthibitika kwamba ni hemoglobini ile ile ya watu wote, isipokuwa imeshikwa na glukosi, kwani glukosi huing'ang'ania hemoglobini polepole bila kusaidiwa na kimeng'enya chochote, na kadiri inavyokuwa nyingi katika damu ndivyo inavyoshika hemoglobini nyingi. Chembe nyekundu, ambazo ndizo zinazoibeba hemoglobini, huishi siku zipatazo 120. Basi mwenye kuipima sehemu iliyoshikwa anapata wastani wa sukari wa wiki nyingi zilizopita, wala mgonjwa hahitaji kufunga, na yule aliyejinyima kwa siku mbili tu kabla ya kliniki hawezi kuidanganya. Mwaka 1993 uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada ulithibitisha kwamba waliopewa matibabu makali hata A1c yao ikashuka karibu na 7 katika mia walipungukiwa sana na madhara ya macho, figo na neva. Na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliruhusu kipimo hicho kitumike si katika kufuatilia tu bali hata katika kutambua, mpaka ukiwa 6.5.

Lakini tafakari hoja yote inasimama juu ya nini. Inasimama juu ya dhana kwamba hemoglobini ya watu wote ni ya namna moja na kwamba chembe zao nyekundu huishi muda mmoja, dhana ambayo huenda ikakubalika katika Minnesota huko Marekani, na ambayo kando ya Rwenzori haikupata kuwa kweli. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper, waliofanya kazi Kampala, walichapisha matokeo ya kuwapima watu wa makabila mengi ya Uganda ili kujua ni wangapi wamebeba asili ya selimundu, wakakuta jamii ambazo wenye kuibeba hawafiki hata mmoja katika mia, na mwisho wa safu, kwa wingi uliowashangaza wataalamu wa dunia nzima, wakawakuta Baamba, watu wa upande wa pili wa mlima huu huu, walioibeba kwa kiasi cha 45 katika mia. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha sababu: mwenye kubeba nusu ya urithi huo haugui selimundu, na malaria haimuui kwa wepesi. Uchunguzi wa watoto wachanga wa Uganda nzima, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta bado 13.3 katika mia wameibeba.

Mbu, basi, ameiandika historia yake ndani ya damu ya watu wa nchi hizi, na kipimo cha A1c hulazimika kuisoma sukari kupitia maandishi hayo. Mwenye ugonjwa wa selimundu wenyewe hana hemoglobini ya kawaida ya kupimwa, na kwake kipimo hiki hakina maana kabisa. Aliyebeba nusu ya urithi hupimika, lakini mwaka 2017 ilionekana kwa Wamarekani Weusi kwamba, kwa kiasi kile kile cha sukari, A1c ya wabebaji husomeka chini kwa 0.3 hivi. Katika mwaka uo huo uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, urithi mwingine uliotokana na malaria, ambao hufupisha maisha ya chembe nyekundu, huishusha A1c ya wanaume walio nao kwa 0.8, maana yake ni kwamba mwanamume ambaye kwa haki angesomewa 6.9, na kuambiwa kwamba ana kisukari, huondoka na 6.1 mkononi na amani moyoni. Na uchunguzi wa vinasaba vya maelfu ya wananchi wa kusini-magharibi mwa Uganda, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta kwamba hitilafu katika urithi wa alfa globini, nayo ikiwa ni ngao ya malaria, huigusa A1c. Upungufu wa madini ya chuma, kwa upande wake, huipandisha. Damu ya kuongezewa huivuruga.

Sisemi kwamba A1c itupwe. Kwa mtu mmoja anayefuatiliwa miaka mingi, kipimo kinachosomeka chini kwa 0.3 leo kitasomeka hivyo na mwakani, na kupanda kwake au kushuka kwake kutabaki na maana, alimradi damu yake haikubadilika. Ninalolikataa ni kuifanya kadhi wa mwisho, hususan katika kumwambia mtu kwamba hana maradhi. Sukari ya kufunga na ile ya glukosi gramu 75 hazijali urithi wa chembe nyekundu, na kidole kinachochomwa asubuhi na jioni kwa siku kadhaa huonyesha yale ambayo wastani huyaficha. Na pale maabara inapoweza, fruktosamini, yaani sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu badala ya hemoglobini, husimulia wiki mbili au tatu zilizopita bila kuipitia chembe nyekundu. Nimesikia habari za wagonjwa wanaoleta daftari lenye hesabu za juu, na A1c nzuri, wakadhaniwa kuwa ama hawajui kutumia mashine ama wanatafuta dawa za bure. Katika bonde la Nyamwamba dhana ya kwanza ingepasa kuwa kinyume chake: mgonjwa asadikiwe, na damu yake ichunguzwe.

Kuna swali jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya hulijibu kwa kumtazama mgonjwa: kijana mwembamba ana aina ya kwanza, iliyotokana na mwili kushambulia kongosho lake, na mtu mzima mnene ana aina ya pili. Uganda ina wagonjwa wengi wa sukari walio wembamba na watu wazima, na uchunguzi uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2025, ulikuta kwamba miongoni mwa waliougua wakiwa vijana na kutiwa katika aina ya kwanza, takribani theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili ambazo ndizo alama ya aina hiyo. Kipimo cha kingamwili ni ghali na hakipatikani kila mahali; cha ketoni katika mkojo ni rahisi, nacho kikionyesha wingi kwa kijana anayetapika na kupumua kwa kasi, hakuna wasaa wa kujadili aina, ni insulini na maji ya mshipani saa ile ile.

Madhara yanayokuja taratibu hupimwa kwa vyombo vyake. Jicho hutiwa dawa ya kuipanua mboni na kutazamwa tangu siku maradhi ya aina ya pili yanapotambuliwa, kisha aghalabu kila mwaka, wala haitoshi mgonjwa kusema kwamba anaona vizuri, kwani retina huweza kuharibika sana kabla nuru haijapungua. Figo huulizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni albumini katika mkojo, ikilinganishwa na kreatinini iliyomo humo, na ikifika miligramu 3 kwa kila milimoli moja ya kreatinini, na ikarudia kuonekana hivyo, ni ishara ya mapema ya kuvuja. Ya pili ni kreatinini ya damu, ambayo kwa kuzingatia umri na jinsia hugeuzwa kwa kanuni ya hesabu kuwa kadirio la uwezo wa figo kuchuja. Na hapa tena kanuni zilitungwa kwa miili ya kwingine. Kreatinini hutoka katika misuli, na mtu mwenye misuli michache huitoa kwa uchache, hivyo figo yake dhaifu huonekana nzima. Watafiti walipoupima uchujaji wenyewe kwa watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 2022, walikuta kwamba kanuni zilizozoeleka zilikuwa zikiukuza uwezo wa figo kupita ukweli. Mkulima aliyekonda wa Bwera, aliyeambiwa kwamba figo zake zi salama kwa sababu ya hesabu hiyo peke yake, ana haki ya kudai na mkojo wake upimwe albumini.

Nimeiacha miguu mwisho kwa makusudi, kwa sababu vipimo vyake ni rahisi kuliko vyote na ndivyo vinavyosahauliwa kuliko vyote. Mto Nyamwamba ulifurika mwezi Mei mwaka 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe hata ikabidi wagonjwa wahamishwe. Na mashine, jokofu na umeme wa maabara ni vitu ambavyo maji huweza kuvichukua kwa usiku mmoja. Lakini kipimo cha hisia za mguu hakihitaji hata kimoja cha hivyo: ni uzi wa nailoni uliopachikwa katika mpini, uliokatwa kwa unene ambao hupinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi ukaguswa katika unyayo, naye akasema anapousikia. Uzi huo uliingia katika kisukari kwa njia ya ukoma: ni katika hospitali ya wakoma ya Carville, Louisiana, katika miaka ya 1980, ndiko ilikoonekana kwamba wenye vidonda vya nyayo, wawe wa ukoma ama wa sukari, hawausikii uzi wa gramu 10, kwa kuwa maradhi yote mawili huua neva na kumwacha mtu akanyage msumari pasipo kujua. Na hospitali ya Kagando, kusini mwa wilaya ya Kasese, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission katika miaka ya 1960, ilianza kazi yake kwa wakoma. Ujuzi wa kuutunza mguu uliokufa ganzi, wa kuukagua kila jioni, kuuosha, kuupaka mafuta na kuuvisha kiatu kipana, si mgeni katika nchi hii.

Na asiye na uzi anacho kidole. Kipimo kilichoandikwa na Gerry Rayman na wenzake wa Ipswich, Uingereza, mwaka 2011, chahitaji mtu mmoja tu mwenye subira: mgonjwa afumbe macho, naye aguswe taratibu, pasipo kukandamizwa wala kusuguliwa, kwa sekunde moja au mbili, katika ncha ya kidole gumba, cha tatu na cha mwisho cha kila mguu, vidole 6 kwa jumla. Akikosa kuhisi viwili au zaidi, miguu yake imo hatarini. Binti aliyefundishwa na muuguzi mara moja anaweza kumfanyia babu yake nyumbani, na majibu yake hayakupungukiwa sana na yale ya uzi. Mwenye hisia kamili na mishipa ya damu inayodunda hutazamwa mguu mara moja kwa mwaka. Aliyepoteza hisia tu, kila miezi 6 hata 12. Aliyepoteza hisia na mguu wake umekwisha kupinda, kila miezi 3 hata 6. Na yule aliyepoteza hisia naye alikwisha kupata kidonda au kukatwa kidole, kila mwezi mmoja hata mitatu, awe na maumivu au asiwe nayo.